Latitudo ya Olasiti na Ufundishaji wa Mwezi

Olasiti, kata iliyo magharibi mwa jiji la Arusha, ipo takriban nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Makala haya yanadai kwamba somo la falaki katika shule za huko linapaswa kuanza na namba hiyo, kabla ya majina ya sayari na kabla ya picha za Apollo. Anga linalofundishwa kwa kawaida ni la mahali pengine, na mtoto mwenye macho mazuri ana haki ya kulitilia shaka.

Chukua mwezi. Mchoro uliozoeleka huuonyesha mwezi mchanga ukiwa umesimama, mgongo kulia. Huko London mchoro huo unafaa. Olasiti, siku mwezi unapoandama, ukitazama magharibi upande wa Kisongo utauona umelala kama mtumbwi. Jua na mwezi hupita karibu njia moja angani, na kwa mtu aliye jirani na ikweta njia hiyo hushuka karibu wima hadi upeo wa macho. Jua lililokwisha kuzama humulika mwezi kutoka chini. Hata hivyo haulali namna moja mwaka mzima: Juni na Desemba pembe zote mbili hutazama juu karibu sawasawa, Machi mgongo huinamia kusini, na Septemba huinamia kaskazini. Wanaoungojea mwezi wa Ramadhani wamelitazama jambo hili vizazi na vizazi, lakini darasani halitajwi.

Kosa kubwa zaidi limo katika kanuni ya kukariri, kwamba mwezi ukiwaka upande wa kulia unakua na ukiwaka kushoto unafifia. Mwezi unaokua uliofikia nusu hupita, katika Machi, kaskazini mwa utosi wa mtu wa Olasiti. Akiugeukia, magharibi iko kushoto kwake, na huko kushoto ndiko kunakowaka. Septemba mwezi wa nusu hiyohiyo hupita kusini, na kanuni inarudi kuwa kweli. Kanuni inayofaa hapa na London ni moja: mwezi unaokua huwaka upande wa magharibi, unaofifia upande wa mashariki. Haihitaji darubini wala bajeti.

Latitudo za jirani na ikweta hazikuwavutia walimu, lakini ziliwavutia wengine. Katika Mercury, mradi wake wa kupeleka watu angani, Marekani ilijenga kituo cha mawasiliano Tunguu, Unguja, kwa sababu chombo kinachozunguka dunia husikika na kituo kimoja kwa dakika chache tu, kisha dunia yenyewe hukikinga. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa katika mnyororo wa vituo vilivyopokezana sauti yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kiliondolewa mwaka huohuo.

Malindi, pwani ya Kenya, hadithi ilidumu zaidi. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini na Waitalia kwenye latitudo inayokaribiana sana na ya Olasiti, setilaiti ya kwanza iliruka tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa nini Malindi? Jibu la haraka ni kwamba mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Ni kweli, lakini hutiwa chumvi. Ardhi ya Olasiti husafiri kuelekea mashariki kwa karibu mita 464 kila sekunde, ile ya Cape Canaveral, Florida, Marekani inakorushia roketi, karibu 409. Tofauti ya mita 55 ni ndogo mbele ya mwendo wa mita 7,800 kwa sekunde unaohitajika kubaki kwenye mzingo wa chini. Faida hasa ni mwelekeo. Roketi inayorushwa jirani na ikweta huingia moja kwa moja katika mzingo wa ikweta. Ya Florida hulazimika kupinda njia angani, na kupinda huko hula mafuta mengi. Isitoshe, mzingo huo huepuka sehemu kubwa ya eneo la mionzi mikali juu ya Atlantiki ya kusini, ambayo ingevuruga vipima eksirei vya Uhuru.

Itasemwa kwamba mtaala ni wa taifa zima na mtihani ni mmoja. Pingamizi hili halina uzito hapa. Bukoba iko kwenye nyuzi 1.3 na Mtwara nyuzi 10.3, zote kusini. Kanuni ya magharibi na mashariki inafaa kote, na mtihani unaweza kuuliza upande unaowaka bila kutaja kulia wala kushoto. Kinachopaswa kubadilika kati ya mkoa na mkoa ni zoezi. Wanafunzi wa Mtwara watauona mwezi mchanga wa Machi ukiinama zaidi kuliko wenzao wa Bukoba. Wa Olasiti wana kipimo cha ziada, Mlima Meru: mwezi mpevu wa Desemba huchomoza upande ulio karibu zaidi na mlima, wa Juni mbali nao, kusini mwa mashariki. Mwalimu akiwaagiza wanafunzi wachore mahali pa kuchomoza kwa kila mwezi mpevu wa mwaka mmoja, atakuwa na data za kufundishia mwinamo wa mhimili wa dunia, wa nyuzi 23.4, na mwinamo wa njia ya mwezi unaouongezea au kuupunguzia nyuzi 5.