Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro: Asili na Historia Yake

Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilianzishwa mwaka 2004 na kuanza kufundisha mwaka 2005. Wazo la chuo cha namna hiyo, hata hivyo, lina umri unaokaribia ule wa uhuru wenyewe.

Chimbuko lake ni pengo la elimu lililoachwa na ukoloni, wakati shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Kusini mwa Mwanza, Mapadri Weupe walifungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na shule zikafuata. Mzazi Mwislamu alimpeleka mwanawe huko akihofia atabatizwa, au alimwacha madrasa asome Kurani peke yake. Hivyo Waislamu waliojitolea kwa wingi katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, waliupokea uhuru mwaka 1961 wakiwa na wasomi wachache.

Jukumu la kuziba pengo hilo lilibebwa na EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1945 na Aga Khan wa Tatu ili kujenga misikiti na shule. Baada ya uhuru iliongozwa na Tewa Said Tewa, mmoja wa waasisi wa TANU, nayo ikapanga kujenga chuo kikuu Dar es Salaam. Mwaka 1968 ukazuka mgogoro ulioanzia Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Desemba mwaka huohuo serikali iliipiga marufuku EAMWS, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) likaundwa Iringa, na mpango wa chuo ukafa.

Mlango ulifunguka tena pale vyuo vikuu binafsi viliporuhusiwa. Mwaka 1998 Kanisa Katoliki lilipata Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Nyegezi, Mwanza. Waislamu nao walidai chao, na serikali ya Rais Benjamin Mkapa ikawapa majengo yaliyokuwa chuo cha shirika la umeme, TANESCO, mjini Morogoro. Madarasa yaliyofundisha mafundi umeme yakageuka kumbi za mihadhara ya sheria, ualimu, biashara na elimu ya dini.

Chuo hupokea wanafunzi wa dini zote. Kijana wa Buzuruga, Mwanza, anayekichagua husafiri kutwa nzima kwa basi kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma, ilhali Nyegezi iko mjini kwake. Kanda ya Ziwa bado ina haja ya chuo kama hicho karibu.