Hataza za dola moja

Katika kituo cha basi cha Seattle au Boston, abiria huchungulia simu yake na kuona kwamba basi litafika baada ya dakika 4. Ni jambo la kawaida. Lakini kwa miaka kadhaa, dakika hizo 4 ziliziburuza mahakamani mamlaka za usafiri za miji mikubwa ya Marekani.

Chanzo ni basi la shule. Mvumbuzi Martin Kelly Jones alibuni mfumo wa kumpigia simu mzazi basi linapokaribia, ili mtoto asisimame barabarani bila sababu. Mapema miaka ya 1990 akaomba hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitumie ubunifu wake bila ruhusa. Hataza moja ikazaa nyingine, zikafika zaidi ya 30. Maelezo yake yalikuwa mapana mno: kufuatilia chombo kilipo, kukadiria kitafika lini, kumjulisha anayekisubiri. Kwa kipimo hicho basi la jiji limo, lori limo, na hata duka linalomwarifu mteja kwamba mzigo wake uko njiani nalo limo.

Baadaye hataza hizo zilidaiwa kwa jina la ArrivalStar, kampuni ya Luxembourg, pamoja na Melvino Technologies ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Hakuna aliyepanda basi la ArrivalStar. Kazi yake ilikuwa barua za madai, na asiyejibu alifunguliwa kesi.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Kupigania kesi ya hataza Marekani hadi hukumu huweza kula mamilioni ya dola. ArrivalStar ilikuwa tayari kupokea makumi ya maelfu. Mwanasheria wa jiji, hata akiamini kwamba madai ni ya hovyo, angeishauri ofisi yake nini? Ilipe, yaishe. Wengi walilipa.

Juni 2013 kibao kikageuka. Chama cha usafiri wa umma cha Marekani, APTA, kiliishtaki ArrivalStar huko New York kikidai kwamba hataza hizo ni batili. Agosti mwaka huohuo kampuni ikakubali kutowashtaki tena wanachama wa chama hicho.

Ikahamia kwa wanyonge. Kwa jina jipya la Shipping and Transit, iliwaandama wafanyabiashara wadogo wanaouza bidhaa kwa intaneti, tena kwa mamia ya kesi. Haikujali kwamba mwaka 2014, katika kesi iliyojulikana kama Alice, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba wazo dhahania haligeuki kuwa la kustahili hataza eti kwa sababu tu linatekelezwa na kompyuta.

Hall Enterprises ya California, moja ya kampuni zilizoshtakiwa, ilikataa kulipa, ikaiomba mahakama izitangaze hataza hizo kuwa batili. Mdai akafuta kesi yake mwenyewe, mbio! Safari hii haikumsaidia. Julai 2017 Jaji Andrew Guilford aliona kwamba madai yalikuwa dhaifu tangu mwanzo, na kwamba kukimbia kila anapobanwa ulikuwa mtindo wa mdai huyo. Akamwamuru alipe gharama za mawakili wa Hall.

Septemba 2018 Shipping and Transit iliomba kufilisiwa. Katika orodha ya mali iliyowasilishwa mahakamani, thamani ya hataza zake za Marekani iliandikwa: dola 1.