Chakula kilikwama kooni, wakaambiwa ni mambo ya kichwa

Ukitaja kansa ya koo hapa kwetu, picha ya kwanza inayokuja ni ya mzee wa sigara na keg. Na si uongo. Tumbaku na pombe ndizo sababu kubwa za saratani za kichwa na shingo, yaani za mdomo, koo, sanduku la sauti na sehemu zilizo jirani. Mtu akizitumia zote mbili, hatari haijumlishwi tu, inazidishwa. Siku hizi tunajua pia kuna kirusi cha HPV. Ndio maana kwa jumla wanaume ndio wanaougua zaidi.

Sasa, kuna mahali hesabu hiyo ilikataa kabisa. Kaskazini mwa Uswidi, nusu ya kwanza ya karne iliyopita, wanawake wa mashambani walikuwa wanapata saratani chini kabisa ya koo, pale nyuma ya sanduku la sauti ambapo umio unaanzia. Si watu wa baa hawa. Ni akina mama wa kukamua ng'ombe na kulea watoto. Nimekuwa nikisoma habari zao wiki mbili hizi na bado zinanikera, ndio maana naziandika.

Wacha tuanze na jinsi mama kama huyo alivyokuwa kabla ya saratani. Amepauka. Amechoka kila wakati. Pembe za mdomo zimepasuka, ulimi umekuwa laini na unauma, kucha zimebonyea katikati kama kijiko. Halafu chakula kinaanza kukwama. Kwanza ni mkate mkavu, baadaye nyama, mwishowe anakula uji na vitu vya majimaji tu, tena polepole, mara nyingi peke yake kwa sababu anaona aibu kukwamwa mbele za watu. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka.

Madaktari walikuwa wanaiona. Mwaka 1919 Waingereza wawili, Paterson wa Cardiff na Kelly wa Glasgow, waliieleza kila mmoja kivyake, katika jarida moja. Miaka mitatu baadaye, 1922, Porter Vinson wa Mayo Clinic kule Marekani aliandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo, akimtaja pia mwenzake Henry Plummer. Leo ugonjwa wenyewe unaitwa Plummer-Vinson karibu kila mahali, na wale wa 1919 wanakumbukwa zaidi Uingereza. Hayo ni yao.

Kinachonikera ni kichwa cha habari cha Vinson. Aliuita ugumu wa kumeza wa kihisteria. Histeria! Neno ambalo lilitokana na jina la Kigiriki la mfuko wa uzazi, na ambalo kwa karne nyingi lilibandikwa mwanamke yeyote ambaye daktari hakumwelewa. Yaani mama anasema chakula hakipiti, na jibu ni kwamba shida iko akilini mwake.

Kumbe wengi wao kooni kulikuwa na kitu. Kulikuwa na utando mwembamba uliokua ndani ya koo na kuziba njia nusu. Ukipitisha kifaa cha kupanua koo, mara nyingi utando unapasuka na mgonjwa anakula siku hiyo hiyo. Na chini ya huo utando kulikuwa na jambo kubwa zaidi: damu yao haikuwa na madini ya chuma ya kutosha. Hapo kuna swali la kuku na yai. Je, damu imepungua kwa sababu hawezi kula, ama hawezi kula kwa sababu damu imepungua? Ukiamini ya kwanza, utamwambia atulize akili na ale vizuri. Ukiamini ya pili, utamtibu damu. Na kwa wengi, wakipewa madini ya chuma mapema, kumeza kunarudi kuwa rahisi.

Aliyeunganisha hii na saratani kwa nguvu ni daktari wa Stockholm, H. E. Ahlbom. Alifanya kazi Radiumhemmet, hospitali ya saratani iliyofunguliwa 1910, ambapo wagonjwa waliletwa kutibiwa kwa mionzi. Wanawake wenye saratani za mdomo, koo na umio walipopita mbele yake, aliona wengi wana historia moja: upungufu wa damu na shida ya kumeza, miaka mingi kabla ya uvimbe. Akachapisha 1936 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Kwa hivyo yale "mambo ya kichwa" yalikuwa onyo la mapema ambalo watu walilipita tu.

Kwa nini chuma? Ngozi laini ya ndani ya mdomo na koo inajifanya upya haraka sana, na seli zinazogawanyika haraka zinahitaji chuma kufanya kazi zake. Chuma kikikosa, ile ngozi inakuwa nyembamba na dhaifu, na ngozi dhaifu inaharibika rahisi. Kwa nini wanawake? Hedhi kila mwezi, mimba moja baada ya nyingine, na kila mimba inachota kutoka akiba ile ile. Kwa nini kaskazini? Kipupwe kirefu, mboga mbichi na matunda ni kidogo, nyama haitoshi, na kwenye familia maskini wote tunajua nani anapakuliwa mwisho.

Baadaye Ernst Wynder, yule yule ambaye 1950 alisaidia kuonyesha kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu, alishirikiana na madaktari wa Uswidi, na utafiti wao wa 1957 ukaupa ugonjwa huu nafasi ya pekee. Wakati huo serikali ilikuwa tayari imeanza, tangu miaka ya 1940, kuongeza chuma kwenye unga. Kiwango kilipandishwa hadi kufika miligramu 65 kwa kila kilo. Kufikia miaka ya 1970 watafiti wa huko walikuwa wanaandika kuhusu ugonjwa unaotoweka. Mwaka 1995 Uswidi iliacha kuongeza chuma kwenye unga.

Je, ni unga uliofanya kazi? Kwa maoni yangu, sehemu tu. Miaka hiyo hiyo vidonge vya chuma vilienea, mboga na matunda yakafika kaskazini, na wanawake wakazaa watoto wachache. Hakuna aliyetenganisha hayo yote moja moja.

Na kabla hujakimbilia mtu anayeuza vidonge vya "kuzuia kansa" kwenye statasi yake, subiri. Jirani wa Uswidi, Finland, walijaribu njia ya vidonge. Kuanzia 1985 walichukua wanaume wavuta sigara 29,133, wengine wakapewa betakarotini, ile rangi ya karoti, kwa matumaini kwamba itawakinga. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu asilimia 18 zaidi. Kujaza pengo la mtu aliyepungukiwa ni kitu kimoja. Kumwongezea asiyepungukiwa ni kitu kingine kabisa.

Sasa rudi hapa nyumbani. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, uongezwe virutubisho, chuma kikiwemo. Lakini nusu ya watu ninaowajua ushago wanasaga mahindi yao kwa posho mill, na huo kwa kawaida hauongezwi kitu. Chai tunakunywa pamoja na chakula, na chai inazuia chuma cha mboga na nafaka kuingia mwilini. Iache ipite saa moja hivi, badala yake kula chungwa, ambalo linasaidia chuma kuingia. Na wale dada wanaotafuna odowa kutoka sokoni, tunawacheka, tunasema ni uraibu. Hamu ya kula udongo na mawe ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma.

Sisemi kila aliyepungukiwa damu atapata kansa, hapana, wengi sana hawatapata. Lakini kama mama yako anakunywa chai kusukuma kila tonge, na ameambiwa ni stress ama ni umri, mpeleke apimwe damu na aangaliwe koo. Zaidi ya wiki tatu ni nyingi.