Picha za anga za juu: zinapigwaje, na kwa nini tusizichanganye na za kubuni

Ramadhani iliyopita nilituma picha moja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Mwezi mkubwa kuliko mlima umekaa juu ya barafu ya Ncha ya Kaskazini, na jua dogo limejibanza chini yake. Nikaandika "Subhanallah", nikaendelea na futari yangu. Majibu yakamiminika, mashaallah juu ya mashaallah. Ndipo mwanangu, aliyekuwa akichungulia simu begani kwangu, akaniuliza: "Baba, kwani mwezi ukifika huko hukua?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilitafuta, nikakuta kwamba ile haikupigwa na kamera yoyote. Ni mchoro uliotengenezwa kwa kompyuta, nao umezunguka mitandaoni miaka na miaka. Nikawaomba radhi jamaa zangu, yakaisha.

Ila hayakuisha nyumbani. Wiki moja baadaye nilimwonyesha mwanangu picha ya kweli ya darubini ya James Webb, yenye maelfu ya galaksi. Akaitazama kidogo, akanirudishia simu. "Hii nayo si ya kompyuta?" Hapo ndipo nilipoona hasara niliyoifanya. Picha ya uongo ilimdanganya kwa dakika moja tu, lakini ilimwondolea hamu ya kuistaajabia ya kweli.

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa mzazi au mwalimu yeyote anayeulizwa swali kama hilo.

Picha tatu za dunia yetu

Tuanze na picha ambazo hazina utata. Tarehe 24 Desemba 1968, Wamarekani watatu, Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders, walikuwa ndani ya chombo Apollo 8 wakiuzunguka mwezi. Kazi yao ilikuwa kuupiga picha uso wa mwezi. Ghafla dunia ikajitokeza nyuma ya ukingo wa mwezi, buluu na nyeupe, katikati ya giza. Anders akaomba haraka filamu ya rangi, akapiga. Walikwenda kuutazama mwezi, lakini picha inayokumbukwa zaidi ni ya huku walikotoka.

Ya pili inatuhusu sisi moja kwa moja. Tarehe 7 Desemba 1972, chombo Apollo 17 kikiwa umbali wa takriban kilomita 29,000 kutoka duniani, jua lilikuwa nyuma yake na dunia yote mbele yake ikang'aa bila kivuli. Picha iliyopigwa siku hiyo ni mojawapo ya zilizochapishwa mara nyingi zaidi duniani, na bara lililo usoni mwake ni Afrika. Inaonyesha Bara Arabu juu, Madagaska kando, na barafu ya Antaktika chini. Pwani yetu imo, pamoja na bahari waliyoivuka wazee wetu kwa majahazi.

Katika picha ya asili kusini iko juu, kwa sababu ndivyo kamera ilivyoshikwa. Iligeuzwa baadaye ili iwiane na ramani tulizozoea. Anayejua historia hatashangaa. Al-Idrisi, aliyemkamilishia Mfalme Roger wa Sicily ramani yake ya dunia mwaka 1154, naye aliweka kusini juu. Juu na chini ya ramani ni mapatano ya watu tu.

Ya tatu ndiyo ndogo kuliko zote. Tarehe 14 Februari 1990, mwanasayansi Carl Sagan akiwa ameliombea jambo hili kwa miaka kadhaa, chombo Voyager 1 kiligeuzwa kutazama nyuma kikiwa umbali wa kilomita bilioni 6 hivi. Katika picha hiyo dunia haifiki hata pikseli moja. Ni nukta hafifu ndani ya mstari wa mwanga. Muda mfupi baadaye kamera za chombo zikazimwa ili kuokoa umeme.

Kupiga picha mahali pasipo na kitu

Darubini ya Hubble ilirushwa mwezi Aprili 1990, na kwanza ilikuwa aibu. Kioo chake kilikuwa kimesuguliwa vibaya kwa kiasi kidogo mno, kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele, na picha zikatoka na ukungu. Mwezi Desemba 1993 wanaanga walipanda kuirekebisha.

Mwaka 1995 mkurugenzi wa taasisi iliyoiendesha, Robert Williams, aliamua kutumia muda aliopewa yeye kama mkurugenzi kuielekeza Hubble mahali panapoonekana patupu, karibu na kundi la nyota la Dubu Mkubwa. Baadhi ya wenzake walimwonya kwamba huenda asipate kitu. Kuanzia tarehe 18 hadi 28 Desemba, darubini ilikodoa jicho palepale na kupiga picha 342. Zilipounganishwa, lile giza lilikuwa na galaksi zipatazo 3,000. Kila moja ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na eneo lenyewe ni sehemu moja tu kati ya milioni 24 za anga lote.

Kwa nini siku kumi? Kwa sababu mwanga wa mbali hufika kidogo kidogo. Kamera iliyoachwa wazi huukusanya kama mtungi unaotegwa chini ya tone la maji. Anayetazama kwa sekunde moja haoni kitu.

Rangi zinatoka wapi?

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo mwanangu alipokuwa na haki ya kuuliza. Kamera za Hubble hazipigi picha ya rangi kama simu yako. Hurekodi mwanga mwingi na mwanga haba tu, kwa weusi na weupe, kupitia vichujio. Kila kichujio hupitisha aina moja ya mwanga, kisha wataalamu huipa kila picha rangi yake na kuziunganisha.

Mfano ni ile picha ya nguzo za gesi na vumbi katika Nebula ya Tai, umbali wa takriban miaka ya nuru 6,500. Mwaka wa nuru ni masafa ambayo mwanga huenda kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5. Picha hiyo ilipigwa Aprili 1995 kwa vichujio vitatu. Mwanga wa salfa ukapewa nyekundu, wa haidrojeni kijani, na wa oksijeni buluu. Ungefika pale usingeona rangi hizo kwa macho yako, lakini gesi zenyewe zipo, na ziko palepale picha inapoonyesha.

Je, huo ni uongo? Fikiria eksirei ya hospitali. Hakuna aliyewahi kuona kwa macho mfupa wake ukiwa mweupe ndani ya nyama, lakini daktari akikuonyesha ufa humwambii amebuni. Picha imetafsiri kisichoonekana kuwa kinachoonekana, na tafsiri ina kanuni inayojulikana.

Webb hufanya hivyo zaidi. Ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na inafanya kazi umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, kimeundwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, na hunasa mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni. Picha zake za kwanza zilitolewa Julai 2022. Iliyotangulia, ya kundi la galaksi liitwalo SMACS 0723, ilichukua saa 12 na nusu kupigwa. Mwanga wa kundi hilo ulisafiri miaka bilioni 4.6 kabla ya kutufikia.

Malindi imo katika habari hii

Watu wengi wa pwani hawajui kwamba sisi si watazamaji tu. Kituo cha ardhini cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vile vilivyopokea mawimbi ya Webb muda mfupi baada ya roketi kuruka.

Na mapema zaidi kuna Ngomeni. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia una kasi kubwa zaidi na huisukuma roketi bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ambayo msimamizi wake, Marjorie Townsend, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya na ukarimu wake. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei kutoka angani, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Vipimo vyake vilisaidia kukielewa kimoja kiitwacho Cygnus X-1, kilichokuja kuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukubaliwa kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo tarehe 10 Aprili 2019, dunia ilipoonyeshwa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lile duara la chungwa lenye weusi katikati, mtoto wa Malindi alikuwa na sababu ya kusema: safari hii ilipitia kwetu. Picha hiyo ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55, ilitokana na darubini nane za redio zilizounganishwa zikawa kama moja. Data ilikuwa nyingi hata ikabidi diski zake zisafirishwe kwa ndege.

Sanaa haina kosa

Sisemi kwamba michoro ni haramu kwa macho. Mwaka 964 hivi, Abdulrahman al-Sufi wa Uajemi aliandika kitabu chake cha nyota, na kila kundi la nyota likachorwa mara mbili: linavyoonekana kutoka ardhini, na linavyoonekana kwenye tufe. Humo ndimo alimotaja kiwingu kidogo tunachokijua leo kama galaksi ya Andromeda. Umbo la mtu au mnyama lilikuwa la mchoraji, nafasi za nyota zilikuwa za mwangalizi, na msomaji alijua kipi ni kipi.

Fundi wa Lamu anapochonga ua kwenye mlango hamdanganyi mtu kwamba ua limeota pale. Ule mchoro wa mwezi nilioutuma ungekuwa mzuri vilevile kama ningeuita mchoro. Kosa lilikuwa kuuita picha.

Kabla hujatuma kwa wengine

Kwanza, uliza nani alipiga, lini, na kwa chombo gani. Picha za NASA na za shirika la anga la Ulaya hutolewa bure pamoja na maelezo ya darubini, vichujio na rangi. Picha isiyo na mwenyewe iache ipite.

Pili, pima ukubwa. Nyoosha mkono na usimamishe kidole cha mwisho mbele ya mwezi: kitaufunika wote, uwe Mombasa, Makka au Ncha ya Kaskazini. Mwezi ukiwa karibu nasi kabisa huonekana mkubwa kwa asilimia 14 tu hivi kuliko ukiwa mbali kabisa.

Tatu, tazama nyota zenye kung'aa. Kwenye picha za Hubble huwa na miali minne, na kwenye za Webb huwa na sita mikubwa na miwili midogo, kwa sababu ya umbo la kioo na mihimili inayokishikilia kioo kidogo cha mbele. Ni kama sahihi ya darubini.

Nne, usitegemee cheo cha anayetuma. Julai 2022 mwanafizikia wa Ufaransa, Étienne Klein, alitangaza mtandaoni picha ya duara jekundu akisema ni nyota ya Proxima Centauri iliyopigwa na Webb. Ilikuwa kipande cha soseji. Alifanya mzaha, kisha akaomba radhi, lakini waliokwisha kuamini ni wengi.

Sisi Waislamu tumehimizwa kutafakari uumbaji wa mbingu na ardhi, na kutafakari si kusema "Subhanallah" kisha kubonyeza kitufe cha kutuma. Kuuliza hakupunguzi chochote. Mimi nilizidi kuistaajabia picha ya Hubble nilipojua ni siku kumi za kukodolea giza.

Juzi usiku tulipanda darini, mimi na mwanangu. Akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akaufunika mwezi kwa kidole. Akakaa kimya. Kisha akaniomba simu, akataka ile picha ya Webb niliyomwonyesha zamani. Akaikuza, akaanza kuhesabu miali ya nyota. "Sita," akasema, "na hii miwili midogo. Baba, hii ni ya kweli." Akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.