Penye wengi pana mengi? Historia ya kubungua bongo, na kikao chetu cha kabla ya Idi



Wahenga walisema penye wengi pana mengi, na sisi wanawake wa visiwani tumekulia katika msemo huo. Harusi hupangwa na wengi, maziko huendeshwa na wengi, na siku hizi hata mtaji wa biashara huchangwa na wengi. Ndiyo maana tukiitana kwenye kikao cha biashara tunaamini kuwa tukishakaa mkeka mmoja, mawazo mazuri yatakuja yenyewe.

Mara nyingi hayaji. Wawili watatu wanasema mpaka mwisho, waliobaki wanaitikia "sawa, sawa", chai inaisha, na tunaondoka na wazo lile lile la mwaka jana. Kisha tunanunua majora ya kitambaa kwa wazo hilo. Idi ikipita na nguo zikabaki zimening'inia dukani, kinachoning'inia pale ni fedha yetu sote. Kwa hiyo namna ya kuendesha kikao si jambo dogo, na kuna watu waliolishughulikia kwa miaka mingi kabla yetu. Tuangalie walikopita.

Mtu wa matangazo na kanuni zake nne

Alex Osborn alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1888. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni kubwa ya matangazo, BBDO. Kazi yao ilikuwa kuuza mawazo, kwa hiyo kikao kisichozaa wazo kwao kilikuwa hasara tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kuwakusanya wafanyakazi wake kwa utaratibu mpya, na baadaye akauandika katika vitabu, kikiwemo Applied Imagination cha mwaka 1953. Kwa Kiswahili utaratibu huo tunauita kubungua bongo, kama dudu anavyobungua mti mpaka akatokea upande wa pili.

Kanuni zake zilikuwa nne. Ya kwanza, wazo lisikosolewe wakati linatolewa, hukumu ingoje. Ya pili, mawazo ya ajabu yakaribishwe, maana ni rahisi kulipunguza wazo lililozidi kuliko kulinenepesha lililokonda. Ya tatu, yatafutwe mawazo mengi kadiri iwezekanavyo. Ya nne, watu wachukue wazo la mwenzao waliongezee au waliunganishe na jingine.

Kwa sisi mafundi, kanuni ya kwanza inaeleweka haraka. Huwezi kukata na kufumua kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa cherehani akisema, "Tutie mfuko ndani ya buibui", na mkubwa akamjibu, "Nani atavaa hiyo?", basi siku hiyo hatasema tena. Na walio kando yake nao watanyamaza, kwa sababu wameona.

Jaribio la Yale

Osborn aliamini kuwa mtu wa kawaida akiwa ndani ya kundi hutoa mawazo maradufu ya yale anayotoa peke yake. Ofisi nyingi zikaiga. Lakini mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Donald Taylor, Paul Berry na Clifford Block, waliamua kupima. Waliunda makundi kumi na mawili ya wanafunzi wanne wanne, wakawapa maswali ya kubungulia bongo kwa kanuni za Osborn. Swali moja lilikuwa namna ya kuwavutia watalii wengi zaidi wa Ulaya waende Marekani. Jingine lilikuwa la kuchekesha: ingekuwaje kama kila mkono ungekuwa na dole gumba la ziada?

Wanafunzi wengine 48 walipewa maswali hayo hayo, ila kila mmoja alifikiri peke yake. Baadaye majibu yao yakaunganishwa wanne wanne, na mawazo yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja tu. Waliofikiri peke yao walikuwa na mawazo karibu maradufu ya wale waliokaa pamoja, na mawazo mazuri pia yalikuwa mengi zaidi upande wao.

Kwa nini? Jibu zuri lilikuja mwaka 1987 kutoka Ujerumani, kwa Michael Diehl na Wolfgang Stroebe. Walipima sababu tatu. Mtu huogopa kuhukumiwa. Mtu hutegea, akijua wenzake watafanya. Na ya tatu, ambayo waliiona kuwa ndiyo kubwa: katika mazungumzo anasema mmoja kwa wakati mmoja. Wewe unangoja zamu yako. Unapongoja, wazo ulilonalo linafifia, au unalishikilia kwa nguvu ili lisipotee na huna nafasi ya kufikiri jingine. Kwa hiyo hata kikao chenye adabu na upendo, kisicho na mtu mkali, kinaweza kupoteza mawazo kwa sababu ya foleni ya midomo tu.

Tusimwonee Osborn. Yeye mwenyewe aliandika kuwa kikao ni nyongeza ya fikra ya mtu mmoja mmoja. Ni sisi tuliokuja baadaye tulioshika kikao na kuiacha ile fikra ya faragha.

Karatasi inayozunguka

Dawa ya foleni ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1968 Mjerumani Bernd Rohrbach alieleza njia ya watu sita, mawazo matatu, dakika tano. Kila mtu anaandika mawazo matatu kwenye karatasi yake kwa dakika tano, kimya. Kisha anampa wa pembeni yake, ambaye anasoma na kuandika matatu mengine. Karatasi ikizunguka mara sita, nusu saa imepita na mawazo ni 108. Hakuna aliyengoja zamu, hakuna aliyekatwa neno, na kanuni ya nne ya Osborn imetimia bila mtu kufungua mdomo.

Kumtazama mteja kwanza

Lakini mawazo 108 juu ya swali baya ni kazi bure. Hapo ndipo iliposaidia njia ya pili, inayoitwa fikra za usanifu, yaani kufikiri kama mtu anayebuni kitu kwa ajili ya mtumiaji. Mwaka 1969 Herbert Simon, msomi wa Marekani, aliandika kuwa kila anayepanga njia ya kuitoa hali iliyopo kwenda hali iliyo bora anafanya usanifu. Kwa maana hiyo hata fundi wa mtaani ni msanifu.

Mfano mzuri umetoka jikoni. Sam Farber, mfanyabiashara wa vyombo, alimwona mkewe Betsey akipata tabu kushika kisu cha kumenyea kwa sababu ya maumivu ya viungo vya mikono. Akaanza kutafuta chombo ambacho hata mkono unaouma utakishika bila tabu. Mwaka 1990 kampuni yake, OXO, ilitoa vyombo vyenye mipini minene, laini, isiyoteleza. Vilitengenezwa kwa kumfikiria mwenye maumivu, lakini hata wazima wakavipenda.

Mwaka 1999 televisheni ya ABC ya Marekani iliionesha kampuni ya usanifu IDEO ikibuni upya toroli la dukani kwa siku tano. Kabla ya kukaa kikao walitoka kwanza, wakaenda madukani kuwatazama wateja na kuwauliza wanaoyatengeneza matoroli. Baadaye ndipo wakatoa mawazo, wakapiga kura, wakaunda mifano ya haraka na kuijaribu. Aliyeongoza kazi hakuchaguliwa kwa cheo chake, bali kwa kuwa alijua kuendesha kundi.

Hatua za fikra za usanifu mara nyingi hutajwa kuwa tano: kumtazama mtu, kulitaja tatizo lake, kutoa mawazo, kutengeneza mfano, kuujaribu. Kikao ni hatua ya tatu. Sisi wengi tunaanzia hapo na kuishia hapo.

Tufanyeje sisi?

Tuseme tuko sita na Idi imebaki miezi miwili. Wiki ya kwanza tusikutane. Kila mmoja awatazame wateja watatu na kuwauliza nguo ya mwaka jana iliwasumbua wapi. Huenda wawili ni mama wanaonyonyesha, na nguo zao nzuri hazifunguki kifuani. Basi swali letu halitakuwa "tuuze nini zaidi?" Litakuwa "mama anayenyonyesha atapendeza vipi siku ya Idi bila kujificha chumbani kila mtoto akilia?"

Siku ya kikao, swali liandikwe mahali wote wanapoliona. Karatasi zizunguke kimya kwa nusu saa. Bibi aliyezoea herufi za Kiarabu aandike hizo, na asiyeandika kabisa achore kwa chaki au amnong'oneze mwenzake amwandikie. Karatasi zisomwe bila kutaja ya nani. Kisha kila mmoja apewe vifungo vitatu aviweke kwenye mawazo anayoyapenda, na mwenye cheo aweke vyake mwisho, ili wadogo wasimfuate.

Wazo lililoshinda lisinunuliwe jora. Lishonwe moja tu, kwa kitambaa cha bei rahisi, avalishwe mama mmoja mwenye mtoto, tumwangalie akinyonyesha nayo. Sisi tumezoea kushikiza nguo kwa uzi mrefu kabla ya kupiga cherehani. Wazo nalo lishikizwe kwanza, maana kufumua uzi mrefu hakuumizi mtu.

Na penye wengi bado pana mengi, dada zetu. Historia hii inatuambia tu kwamba mengi hayo yamo vichwani, na mengine yamo kwenye kichwa cha yule binti anayepiga pasi pembeni. Tumpe karatasi kabla hatujaanza kusema sisi.