Mwaka Mmoja wa Serikali ya Kibunge Tanganyika

Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Hapakuitishwa uchaguzi, wala wabunge hawakurudi majimboni kuomba kura. Rashidi Kawawa, waziri asiye na wizara maalumu, akaapishwa kushika nafasi yake, baraza la mawaziri likapangwa upya, kazi ikaendelea.

Kwa sisi tuliokulia chini ya Rais, jambo hilo ni geni. Lakini ndivyo serikali ya kibunge inavyokwenda, na Tanganyika iliishi nayo mwaka mmoja kamili, hadi Desemba 9, 1962.

Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth II. Aliwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa mwisho wa ukoloni. Miswada ilisubiri ridhaa yake, lakini karibu kila alilofanya alilifanya kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Madaraka yenyewe yalikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu na mawaziri wake, nao waliyapata kwa sababu waliungwa mkono na wabunge wengi. Katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, waziri alisimama kujibu maswali ya wabunge wenzake mbele ya Spika Abdulkarim Karimjee, ambaye ukumbi huo ulibeba jina la ukoo wake. Wabunge wakiondoa imani yao, serikali haina pa kusimama.

Siku hiyo haikufika, na wala isingefika. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 chama cha TANU kilizoa viti 70 kati ya 71, na hata aliyeshinda kile kimoja alikuwa mwana-TANU aliyegombea binafsi. Kawawa alitokea kwenye vyama vya wafanyakazi, lakini ni serikali yake, mwaka ule ule wa 1962, iliyopitisha sheria ya kubana migomo na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Zote zilipita bungeni kihalali. Anayedhani urais peke yake ndio ulioipa serikali yetu mkono mzito na autazame mwaka huo. Bunge huibana serikali pale tu ndani yake wanapokuwepo watu walio tayari kuikatalia.

Wakati huo Nyerere alikuwa akikijenga chama, huku serikali ikiandaa mapendekezo ya Jamhuri. Hoja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakuzoea kumtukuza mkuu asiye na madaraka ilhali mtawala ni mwingine. Ni hoja nzito, hasa mkuu huyo akiwa Malkia wa nchi iliyowatawala jana. Lakini Gavana Mkuu angeweza kuondolewa bila kuikata kamba iliyomfunga mtawala na Bunge, na naamini hapo ndipo tulipopoteza kitu. Novemba 1962, katika uchaguzi wa Rais, Nyerere alimshinda Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Kuanzia Desemba 9 mkuu wa serikali hakuwa tena mbunge, na hakuhitaji wingi wa wabunge ili abaki madarakani.

Majirani walifuata njia hiyo hiyo. Jomo Kenyatta alitoka uwaziri mkuu akawa Rais Desemba 12, 1964. Nchini Uganda, Milton Obote aliifuta katiba ya Uhuru mwaka 1966 na kujitwalia urais.

Uwaziri mkuu ulirudi Tanzania mwaka 1972, akapewa Kawawa yule yule, safari hii akiwa chini ya Rais. Leo Rais humteua Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa majimbo, Bunge humthibitisha, na Bunge hilo linaweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani. Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu na baraza zima la mawaziri likavunjika. Rais Jakaya Kikwete, aliyeliteua baraza hilo, alibaki Ikulu na kuteua jingine.