Ua la Usambara Ughaibuni

Yapata mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alimpelekea babaye Ujerumani ua dogo la urujuani, liotalo katika miamba yenye kivuli ya Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen, akaliita Saintpaulia. Wenyeji hawakuwa na sheria ya kudai waombwe ruhusa.

Biashara yake ikaenea Ulaya na Marekani. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 ulikiri haki ya kila nchi juu ya mimea yake. Lakini ua lilikwisha kuvuka bahari karne nzima kabla. Kulidai lirudi ni kazi bure. Wajerumani hata leo huliita kwa jina la Usambara. Basi deni la jina hilo na lilipwe kwa kuulinda msitu uliolizaa.